Ubao wa kidijitali shuleni na maktabani: mambo ya kujua kabla ya kufungwa na baada ya wageni kuondoka

Ukurasa huu ni wa walimu, wasimamizi wa maktaba, wazazi walio kwenye kamati za shule, na wanafunzi wakubwa wanaoishi katika kambi na makazi ya wakimbizi. Unaeleza ubao wa kidijitali ni kitu gani, unahitaji umeme kiasi gani, unasaidia nini katika darasa lenye watoto zaidi ya mia, na maswali ya kumuuliza anayekuja kuufunga. Kama shule yenu tayari ina ubao ambao hauwaki, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

Tuanze na jambo moja lisilofurahisha. Ubao huu hauleti mwalimu wa pili, hauleti madawati, na hauelezi kwa nini darasa moja lina watoto 120. Shule ikipewa nafasi ya kuchagua kati ya ubao mmoja na vitabu vya kutosha, watoto watatu kwa kitabu kimoja, ichukue vitabu. Lakini mara nyingi hatuulizwi. Vifaa vinakuja, sherehe inafanyika, picha zinapigwa, na baada ya wiki mbili mwalimu anabaki na ufunguo wa chumba na kitabu cha maelekezo chenye kurasa 80. Tunaandika kwa ajili ya wiki ya tatu.

Ni kitu gani hasa

Wengi wanauita smatibodi. Jina hilo linatokana na kampuni ya SMART ya mji wa Calgary, Canada, iliyoanza kuuza ubao wa namna hii mwaka 1991. Kwa maneno ya kawaida ni skrini kubwa ya kompyuta ambayo unaweza kuigusa na kuiandikia. Ukichora mstari, kompyuta inauhifadhi. Ukigusa picha, inafunguka au inasogea.

Kuna aina kadhaa, na ni muhimu kujua mmepewa ipi, kwa sababu kila moja inaharibika kwa njia yake.

Aina ya zamani ni ubao mweupe unaotumia projekta. Picha inatoka kwenye projekta, na ubao unahisi mguso. Baadhi ya mbao hizi zinahisi kidole chochote. Nyingine zinahisi kalamu yake maalumu tu. Hizi za kalamu ndizo zinazotuumiza. Katika shule niliyofundisha, kalamu zote mbili zilipotea muhula wa kwanza, na ubao ukakaa miezi saba umefunikwa kitenge. Haukuwa mbovu. Ulikosa kalamu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi ni hili: kidole kinatosha, au lazima kalamu? Kama ni lazima kalamu, omba za akiba siku hiyohiyo, kabla gari halijaondoka.

Aina ya sasa ni skrini bapa, mfano wa televisheni kubwa. Nyingi zinatumia miale isiyoonekana inayopita kando ya fremu. Kidole au kijiti kikikata miale, skrini inajua umegusa wapi. Haihitaji projekta wala kalamu maalumu. Adui yake ni vumbi linalokaa kwenye ukingo wa fremu, na jua la moja kwa moja. Ukiona skrini inajigusa yenyewe, yaani mistari inatokea bila mtu, usikimbilie kusema ina virusi. Futa ukingo kwa kitambaa kikavu na laini, halafu ufunge dirisha linaloipiga jua.

Aina ya tatu si ubao kabisa: ni projekta, ukuta mweupe, na tableti mkononi mwa mwalimu. Mpango wa Instant Network Schools, ulioanzishwa mwaka 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR, umepeleka vifaa vya aina hii katika shule za wakimbizi, zikiwemo za Dadaab na Kakuma nchini Kenya na Nyarugusu nchini Tanzania: tableti, kompyuta ya mwalimu, projekta, spika, umeme wa jua na mtandao. Kwa maoni yangu, katika madarasa yetu aina hii mara nyingi inaushinda ubao wa kugusa. Mwalimu anaweza kutembea na tableti mpaka mstari wa nyuma na kumpa mtoto aandike akiwa ameketi palepale, na jibu lake likaonekana mbele kwa wote.

Je, mtoto wa nyuma anaona?

Hili lipimwe kabla ya kutoboa ukuta. Skrini ya inchi 65 inasikika kubwa ukiambiwa ofisini, lakini urefu wake kwenda juu ni sentimeta 81 tu, na upana wake mita moja na sentimeta 43 hivi. Wanaopanga kumbi za mikutano wana kanuni rahisi: anayesoma maandishi asikae mbali kupita mara sita ya kimo cha picha. Mara sita ya sentimeta 81 ni chini kidogo ya mita tano. Darasa la kawaida lina urefu wa mita saba au nane, na letu limejaa mpaka ukutani. Maana yake theluthi ya watoto inabaki nje ya kipimo hicho.

Dawa yake ni herufi kubwa na maneno machache. Herufi yenye kimo cha sentimeta mbili na nusu husomeka bila taabu kutoka mita tatu hivi. Kwa mita nane unahitaji karibu sentimeta saba. Kwa skrini hiyo ya inchi 65, hiyo ni mistari saba au minane tu. Mwalimu aliyezoea kujaza ubao wa chaki wa mita nne ataona amepunguziwa nafasi, na hakosei. Ndiyo maana ubao wa chaki usiondolewe. Ufungwe ubao mpya pembeni, ule wa zamani ubaki katikati, au kinyume chake, lakini vyote viwili viwepo. Shule zilizong'oa ubao wa chaki zilijuta siku ya kwanza ya mvua ndefu.

Kwa projekta, tatizo jingine ni mwanga. Madarasa ya mabati na madirisha yasiyo na vioo yana mwanga mwingi wa jua, na picha inapauka. Projekta ya chini ya lumeni 3,000 haitaonekana mchana. Pazia zito la upande mmoja, ule ulio karibu na ubao, linasaidia kuliko kufunga chumba kizima na kuwachemsha watoto.

Watoto wenye macho dhaifu wakae mbele bila kuonewa haya. Na ubao ufungwe chini kiasi cha mtoto wa darasa la pili, au mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, kuufikia. Mafundi hupenda kuufunga juu ili usiguswe. Sasa ni ubao wa kugusa wa nini?

Mkono mmoja na mikono mia

Hapa ndipo matumizi mengi yanapokwama. Fanya hesabu. Kipindi ni dakika 40. Mtoto akitumia nusu dakika kupita katikati ya madawati na nusu dakika kuandika jibu, watoto 40 watagusa ubao, na mwalimu hatakuwa amesema neno hata moja. Katika darasa la 120, watoto 80 wameketi wakitazama migongo ya wenzao. Kwa kawaida wanaobaki ni walewale: wasichana wakubwa walioingia shule wakiwa wamechelewa, watoto ambao hawajaimudu lugha ya kufundishia, na wale walio karibu na mlango.

Si sisi tu tulioona hili. Uingereza ilijaza mbao hizi katika shule zake miaka ya mwanzo ya 2000, na zile za sekondari za London zilichunguzwa na Institute of Education ya mji huo. Ripoti iliyotoka mwaka 2007 haikupata kwamba alama za wanafunzi zilipanda kwa sababu ya mbao katika mwaka wa kwanza. Jambo moja lililotajwa ni kwamba, katika makundi ya wanafunzi wanaojifunza polepole, kupokezana kwenda ubaoni kulichelewesha darasa zima. Na hayo ni madarasa ya watoto wapatao 30.

Tofauti inaletwa na kile wanachofanya wale walioketi. Njia iliyotufaa ni vibao vidogo. Kila watoto wawili wanakuwa na kibao kimoja: kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi na chaki, au karatasi nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki unaoandikika na kufutika. Ubao mkubwa unaonyesha swali. Watoto wanajadiliana kwa sauti ndogo, wanaandika, wanahesabiwa tatu, wote wanainua vibao juu. Kwa mtazamo mmoja mwalimu anaona majibu sitini. Kisha ndipo anaitwa mtoto mmoja kuja kugusa ubao na kueleza, na si lazima awe aliyepata.

Mfano wa somo la sehemu. Mwalimu anachora mstatili ubaoni na kuuita kopo la mafuta ya mgao. Anaugawa mara nane, anapaka rangi visehemu vitatu. Anauliza: familia imetumia sehemu gani, imebaki sehemu gani? Vibao juu. Wengine wameandika tatu kwa tano, kosa la kawaida sana, kwa sababu wamehesabu zilizopakwa rangi na zisizopakwa. Mwalimu anaandika jibu hilo ubaoni bila kutaja jina la mtu, na kuuliza nani anaweza kutuonyesha kopo lenye sehemu tano. Mtoto anakuja, anajaribu kuigawa picha mara tano, anaona mwenyewe kwamba si kopo lile. Yote haya yanawezekana kwa chaki pia, isipokuwa jambo moja: ubao wa kidijitali unakumbuka. Mwalimu anahifadhi ukurasa, na kesho asubuhi kopo lile lile linafunguka lilivyo, pamoja na kosa lake.

Kumbukumbu hiyo, kwangu mimi, ndiyo faida kubwa kuliko zote. Siku za mgao wa chakula darasa linapungua, kwa sababu watoto wakubwa wanaenda kubeba magunia au kubaki na wadogo zao. Zamani somo la siku hiyo lilifutwa kwa kitambaa na kupotea. Sasa linaweza kufunguliwa tena kwa dakika kumi saa za mapumziko, kwa wale waliokosa. Shule inayofungua masomo ya siku za mgao kila Ijumaa inautumia ubao vizuri kuliko inayoonyesha video kila siku.

Faida nyingine iko kwenye sayansi ya sekondari. Mahali pasipo na maabara, majaribio ya kompyuta ya PhET, yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, yanamwezesha mwanafunzi kuunganisha nyaya, betri na taa kwenye skrini na kuona mkondo wa umeme unavyokwenda. Ni ya bure na yanaweza kupakuliwa yakatumika bila mtandao. Hayafikii kushika waya halisi. Yanafika mbali kuliko mchoro wa kunakili.

Ndani yake mna nini, na kwa lugha gani?

Muulize anayeleta vifaa: masomo yaliyomo ni ya mtaala upi? Uganda, Kenya na Rwanda watoto wakimbizi husoma mtaala wa nchi iliyowapokea. Katika kambi za mkoa wa Kigoma, Tanzania, watoto wa Kongo na wa Burundi wamekuwa wakisoma mitaala ya nchi walikotoka, na Kifaransa ndicho lugha kubwa ya kufundishia. Kifaa kilichojazwa video za Kiingereza kikipelekwa kwenye darasa la Kifaransa kinakuwa televisheni ya picha. Hata katika shule za Kiingereza, mtoto aliyevuka mpaka mwaka jana akitokea Kivu atahitaji mwalimu asimamishe video na kueleza kwa Kiswahili. Kusimamisha video kila baada ya dakika mbili ni ufundishaji mzuri, usione aibu.

Mtandao usiwe sharti. Programu ya Kolibri, ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: masomo yanawekwa kwenye kompyuta moja ndogo, nayo inavigawia vifaa vingine vya darasani. Ina masomo ya Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine, na kidogo ya Kiswahili. Kiwix inafungua Wikipedia nzima bila mtandao. Kwa kuandika na kuchora ubaoni kuna OpenBoard, programu ya bure ambayo mizizi yake iko katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi; menyu zake zipo kwa Kifaransa na Kiingereza, na haikudai leseni kila mwaka. Jambo la leseni liulizwe kwa sauti. Kuna mbao zilizokuja na programu ya kulipia, mwaka ukaisha, na kalamu ikakoma kuandika.

Umeme

Usikubali jibu la "sola itatosha". Omba namba.

Projekta ya taa ya kawaida inakula wati 300 hivi, na kompyuta ya mkononi wati 50. Jumla 350. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa karatasi, lakini ukiimaliza kupita nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo una 600. Inverta nayo inapoteza sehemu yake. Unabaki na saa moja na nusu ya kufundisha kwa betri moja. Skrini bapa ya inchi 65 yenye kompyuta ndani inakula wati 130 hadi 150 kwa kawaida, hivyo betri ileile inaifikisha saa tatu na nusu au zaidi. Kompyuta ndogo ya kugawa masomo, kama Raspberry Pi, inakula wati chache tu na inaweza kukaa imewaka kutwa.

Kinachoua betri za shule, tuseme ukweli, si ubao. Ni simu. Simu moja inachukua wati-saa 10 hadi 15 kujaa. Simu ishirini za walimu, majirani na mjumbe wa kijiji zinakula kati ya 200 na 300, karibu nusu ya umeme wote wa somo. Kukataa kabisa hakuwezekani, watu wana shida ya chaji kweli. Panga: simu zichajiwe mchana wa Jumamosi jua linapowaka, na kamwe zisichajiwe usiku.

Taa ya projekta ina umri, kwa kawaida saa 3,000 hadi 5,000. Ukitumia saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, ni saa 800, basi inaweza kufika miaka minne au sita. Lakini ukiichomoa ghafla ikiwa ya moto, unaifupisha. Zima kwa rimoti, subiri feni inyamaze, ndipo ukate umeme. Mfundishe kila mtu anayeingia chumbani jambo hili moja, hata kama hutamfundisha lingine. Kichujio cha hewa kisafishwe kila mwezi, na kila wiki wakati wa kiangazi. Paneli za juu ya bati zioshwe alfajiri kwa maji na kitambaa laini, zikiwa bado baridi. Mvua ya radi ikianza, chomoa kila kitu ukutani.

Maktabani

Maktaba ni nyumba bora kwa ubao wa kugusa kuliko darasa, kwa sababu moja rahisi: watu ni wachache. Watoto 25 wanaokuja saa ya hadithi wanaweza wote kugusa. Mwaka 2014, shirika la Bibliothèques Sans Frontières pamoja na UNHCR walipeleka Ideas Box za kwanza katika kambi za wakimbizi wa Kongo nchini Burundi. Ni masanduku ya rangi yaliyobuniwa na Philippe Starck, ambayo yakifunguliwa yanakuwa maktaba yenye vitabu, tableti, kompyuta na skrini. Wazo la kuweka skrini na vitabu chumba kimoja lilikuwa sahihi, na halihitaji sanduku la gharama kuigwa.

Kwa watoto wadogo, chanzo kizuri ni African Storybook, mradi ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Una hadithi fupi za picha katika Kiswahili, Kinyarwanda, Luganda, Kifaransa, Kiingereza na lugha nyingi za Afrika, bure, na zinaruhusiwa kuchapishwa na kutafsiriwa. Onyesha hadithi kwa Kiswahili, isomeni pamoja, halafu fungua ileile kwa Kiingereza. Mtoto anayejua tayari kilichompata kuku kwenye hadithi hatishwi na maneno mapya. Baada ya hapo mpe kitabu cha karatasi. Ubao umfikishe kwenye rafu.

Jioni ni ya watu wazima. Darasa la kusoma na kuandika linaweza kutumia ubao kuonyesha fomu tupu ya kliniki, ujumbe wa kutuma pesa kwa simu, au kibao cha barabarani, na mama aliyekuwa akimwomba mwanawe amsomee anajaribu mwenyewe. Katika kikundi kama hicho aanze aliye na hofu kidogo, na wenye hofu zaidi waje wawiliwawili. Mtu mzima hapendi kukosea mbele ya jirani zake.

Na mechi? Swali hili halikwepeki. Skrini kubwa pekee ya eneo zima ipo maktabani, na Jumapili kuna mpira. Wapo wanaokataza kabisa, na wapo walioruhusu mpaka maktaba ikawa banda la video. Nadhani mechi moja kwa wiki, kwa saa zilizoandikwa mlangoni na baada ya wasomaji kuondoka, haiui maktaba. Kinachoiua ni sauti ya spika wakati mtu anajiandaa na mtihani wa taifa. Saa za skrini na saa za kimya zitenganishwe kwenye ratiba.

Siri za watu

Skrini kubwa inasoma kwa sauti kile kilicho kwenye simu yako. Mwalimu aliyeunganisha simu yake anaweza kuona ujumbe wa WhatsApp ukipita juu ya somo, mbele ya darasa zima. Zima taarifa za simu kwanza, au tumia kifaa cha shule peke yake.

Usionyeshe ubaoni kadi ya mgao, hati ya familia, barua ya ofisi au chochote kinachohusu kesi ya mtu ya kuhamishiwa nchi ya tatu, hata kama anakuomba umsaidie kusoma. Msomee pembeni. Wako watu ambao majina yao kujulikana mahali walipo ni hatari kwao. Vivyo hivyo orodha ya alama zenye majina isiwekwe kwenye skrini. Na picha za watoto zilizopigwa na kifaa cha shule zisibaki humo bila idhini ya wazazi.

Nani anashika ufunguo

Kama ufunguo uko kwa mwalimu mkuu peke yake, ubao utatumika siku za wageni. Kama uko kwa kila mtu, utaharibika kabla ya Krismasi. Chagueni watu watatu: mwalimu mwanamume, mwalimu mwanamke, na mzazi au kijana anayeelewa umeme. Walimu wa motisha huhama, hurudi kwao, au hupata kazi yenye malipo bora, kwa hiyo mafunzo ya mtu mmoja ni mafunzo yanayoondoka na basi. Kila aliyefundishwa awafundishe wawili kabla ya mwezi kwisha, na hilo liandikwe.

Wekeni daftari kando ya ubao: tarehe, nani alitumia, kwa saa ngapi, tatizo gani. Si urasimu. Siku shirika litakapouliza kwa nini betri imekufa, daftari litajibu badala yenu. Dai pia, kwa maandishi, jina la ofisi inayowajibika kwa matengenezo na muda wa dhamana.

Ubao ukigoma

Hauwaki kabisa: angalia swichi ya ukutani, kisha inverta, kisha fyuzi, kwa mpangilio huo. Picha ipo lakini mguso hausikii: chomoa waya wa USB kati ya ubao na kompyuta, subiri dakika moja, urudishe, waya huu huumwa na panya kuliko sehemu nyingine yoyote. Mguso unatokea kando ya kidole: ubao umesogea au projekta imetikiswa, fanya urekebishaji wa alama, ule wa kugusa misalaba inayotokea pembeni. Picha ya njano na hafifu: taa inaisha. Kalamu haifanyi kazi: jaribu betri yake kwanza.

Ubao wa kugusa uliokufa kabisa bado ni ukuta mweupe mzuri wa projekta, usiutupe. Ila usiuandikie kwa kalamu ya wino kabla ya kujaribu kona ndogo, kwa sababu baadhi zinabaki na madoa milele. Anayependa ufundi anaweza pia kujaribu njia iliyoonyeshwa mwaka 2007 na Johnny Chung Lee, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani: rimoti ya mchezo wa Wii na kalamu yenye taa ya miale isiyoonekana, na ukuta wowote ukawa ubao wa kugusa. Vijana wenye subira wanaweza kuijenga.

Betri za risasi zilizokufa zisiachwe nyuma ya darasa. Watoto huzivunja kutafuta risasi ya kutengenezea mizani ya nyavu na vitu vya kuchezea, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Zifungiwe stoo, zihesabiwe kwenye daftari, na aliyezifunga atakiwe kuja kuzichukua kabla hajaleta mpya.